Dawa Niliyompa Dereva wa Lori

Jumatatu, 10 Machi 1975

Masika yameingia. Maji yanadondoka juu ya meza yangu, kando ya kidau cha wino, na sufuria niliyoyakingia inalia ti-ti-ti mbele ya wagonjwa kutwa nzima. Nyumba hii ilikuwa ya Mhindi mmoja muuza nguo hapa Old Kampala. Wahindi walipofukuzwa, jeshi likaichukua, nami nikapewa: chini ni kliniki, juu ndiko ninakolala. Mwenyewe lazima alijua paa lake linavuja wapi na kwa nini. Sisi tulirithi funguo tu.

Naanza kuandika kwa sababu mimi huwashauri wagonjwa wangu waandike, na mganga asiyeonja dawa yake ni mchuuzi. Naandika Kiswahili cha nyumbani kwa mama yangu, ambacho babu zake walikuja nacho na misafara kutoka pwani wakakilinda hapa katikati ya Waganda kama watu wanavyolinda moto wakati wa upepo. Kiingereza nakiachia ripoti. Katika ripoti mimi ni Kapteni Tajudin, mwanasaikolojia wa jeshi, ninayechunguza kwa nini askari mmoja akiona mabaya huvunjika, na mwenzake aliyeona yaleyale hula, hulala na hucheka. Nilisomea mambo hayo Makerere, nikayasomea tena London. Nilidhani nikiijua siri ya wanaosimama, nitawainua walioanguka.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeletewa koplo mmoja, Kasim, Mnubi wa Bombo, dereva wa lori. Kosa lake ni kuchelewa kazini kwa sababu hamalizi kutawadha. Huosha mikono hadi viwiko, akarudia, akarudia tena, mpaka ngozi imechubuka. Nilidhani ni mtu wa wasiwasi tu, wale wanaotia shaka udhu wao kila mara. Nikamuuliza lori lake hubeba nini.

Alikaa akiitazama ile sufuria. Kisha akasema hubeba watu. Huwachukua kutoka ile nyumba ambayo mjini hatuitaji kwa jina, akawapeleka msituni. Yeye hapigi risasi. Huegesha, hungoja, hugeuza lori.

Baba yake alikuwa mwosha maiti huko Bombo, na tangu utotoni Kasim ndiye aliyemshikia birika. Hapo nikaelewa. Kinachomtesa si damu, wala si kelele.

"Wanaachwa vile vile, afande," akasema. "Hakuna maji, hakuna sanda, hakuna mtu ya kusema neno. Mimi najua kazi ya maiti, na mimi nawaacha. Toa mimi kwa ile lori. Naweza fagia, naweza pika, kazi yoyote."

Kumhamisha ni jambo ninaloweza. Saini yangu, kisha muhuri wa Meja Kamis, mkuu wangu, ambaye hugonga muhuri bila kusoma. Nimemwambia Kasim arudi Jumatatu, nitampeleka gereji akafungue magurudumu.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemchukua Farouk.

Farouk ni mume wa dada yangu Naila, fundi wa redio, mtu wa mizaha, mwenye vidole vyembamba vinavyoweza kuingia penye nyaya ambapo vyangu vingevunja kila kitu. Walikuja kabla ya swala ya Ijumaa, wanaume watatu wenye miwani ya jua siku ya mvua. Wakamuuliza redio ya nani ile pale kwenye rafu, na kwa nini sindano yake imekaa kwenye stesheni ya nje. Akasema, redio haijachagua stesheni, imeharibika. Jirani anasema mmoja wao alicheka. Halafu wakamtia kwenye buti la gari.

Naila amekuja kliniki na kanga imelowa mpaka mabegani. Hakulia. Alisimama pale wanaposimama wagonjwa.

"Kaka, wewe una nyota begani," akasema. "Waulize."

Nikasema nitauliza.

Jumamosi, 15 Machi

Sikuuliza. Mvua kutwa.

Jumapili, 16 Machi

Nilikwenda kwa Mama, maana Naila amehamia huko. Mama yangu, Mahfudha, ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hukata. Aliniuliza nimemwona nani. Nikamwambia mambo haya yana taratibu zake. Akasema, "Kale," yaani haya, kama Waganda wanavyosema wakiwa hawajakubali. Wakati wa chakula Naila alipakua sahani ya Farouk akaifunika, akaiweka juu ya kabati. Sikuweza kuitazama.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimefanya jambo, nami nitaliandika kama lilivyokuwa.

Kasim alifika kabla sijafungua mlango. Alikuja kuchukua karatasi yake ya gereji. Niliishika kalamu, nikaandika nusu ya jina lake, ndipo nikakumbuka lori lake linatoka wapi. Kama Farouk yupo popote, yupo ndani ya ile nyumba. Na kati ya watu wote ninaowajua duniani, anayeingia ua wa ile nyumba kisha akaja kukaa kwenye kiti changu ni huyu mmoja.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia kumhamisha sasa kutaamsha maswali, na kwamba ugonjwa wa aina yake hupona vizuri zaidi palepale ulipoanzia. Vitabuni ni kweli, ndiyo maana haikunipa taabu kuitamka. Uso wake ulishuka. Nikaona lazima nimpe kitu badala ya kile nilichomnyima.

Nikamuuliza kama anaijua swala ya ghaibu, ile anayoswaliwa maiti ambaye mwili wake haupo mbele yako. Akasema mtoto wa mwosha ataachaje kuijua. Basi, nikamwambia, ukirudi kutoka msituni tawadha mara moja tu, kisha waswalie. Maji hukuwapa, wape swala. Akafikiri. Akauliza atawatilia nia vipi watu asiowajua. Nikamwambia majina si sharti, lakini jina hutuliza moyo wa anayeswali. Waulize njiani.

"Na jina ya mama," akasema Kasim mwenyewe. Kaburini, katika talkini, yale maneno anayosomewa maiti, mtu huitwa kwa mama yake.

Nikasema ndiyo, na la mama pia.

Aliondoka amenyooka mgongo. Nimekaa najiuliza kama nilimpa dawa au nilimtuma. Vyote viwili, na kwa maneno yaleyale.

Jumanne, 25 Machi

Maulidi. Farouk ndiye aliyekuwa akipiga dufu. Dufu lake lilikuwepo, akalipiga mtu mwingine, na halikusikika vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Kasim amekuwa akipata usingizi mzuri wiki nzima. Mikono inapona. Anatawadha mara moja, anaswali, anakula. Katika miaka yangu yote ya kazi sijaona mgonjwa wa namna hii akigeuka upesi hivi, na ninaona aibu kuandika kwamba nilifurahi. Mkono wangu uliharakia daftari la utafiti. Hatimaye nina mtu aliyeanguka akasimama, na aliyemsimamisha ni mimi.

Anaeleza kwa utaratibu kabisa. Mmoja alikuwa mwalimu kutoka Lira aliyeitwa Ogwal, mama yake Acan. Mwingine alikuwa Mkongo, mfanyabiashara, Anselme. "Huyo Mkristo, afande. Swala yetu si yake. Basi nimesema jina yake tu, na ya mama yake, na nimewacha Mungu apange mwenyewe."

Kisha akashusha sauti, akasema, "Wanajua, afande. Jina yao wanasema haraka, wanafikiri ni mambo ya ofisi. Nikiuliza ya mama, wananyamaza. Waislamu ndio wanajua mbele ya wote."

Kalamu ilinisimama mkononi. Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Nilikaa kwenye kiti changu nikatunga dawa ya aliye mbele ya lori, nikasahau kwamba walio nyuma nao wana masikio. Mtu aliyekuwa bado na tumaini, hata dogo, hata la kijinga, huulizwa swali moja la upole na dereva mwenye adabu, na hapo anajua.

Nilipaswa kumwambia aache. Nilimwambia aendelee kuja Jumatatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Wagonjwa wawili, hakuna cha maana. Naila ametuma mtu kuuliza kama nimeuliza. Nimejibu kwamba bado nafuatilia.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimemaliza aibu niliyoianza. Kasim alipokuwa anainuka, nikamwita. Nikasema kwa sauti ya kawaida, nikijifanya napanga karatasi, kwamba kuna mtu mmoja wa kwetu, fundi wa redio. Akimsikia njiani, anijulishe. Anaitwa Farouk, mama yake Hajara.

Kasim alinitazama. Ana macho ya mtu aliyeona maiti wengi tangu utotoni, hayakimbii. Halafu akauliza pole pole, "Tayari unanipa na jina ya mama, afande?"

Bila kukusudia nimemtaja shemeji yangu kama anavyotajwa aliye kaburini, naye pengine yu hai, anakaa sakafuni katika ile nyumba, akimsimulia mtu kichekesho. Nikamwambia Kasim aende.

Jumatano, 9 Aprili

Amekuja Maimunah, mke wa Kasim, kutoka Bombo, na kuku mzima miguu imefungwa. Anasema mumewe amerudi kuwa mtu. Anasema anacheza na watoto. Alipiga magoti kunishukuru, ingawa nilimzuia. Nilimchukua kuku kwa sababu kumkataa kungehitaji maelezo. Yupo jikoni anapiga kelele.

Ijumaa, 11 Aprili

Ningependa siku hii isiwe yangu.

Meja Kamis aliniita ofisini kwake. Kulikuwa na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, kitu ambacho siku hizi mjini hukioni hata kwa dawa. Mikononi alikuwa na taarifa yangu fupi juu ya Kasim, na safari hii alikuwa ameisoma. Alinitazama kwa mapenzi kabisa. Meja si mtu wa kupiga watu makofi. Ni mnene, mpole, hupenda maua, na ndiyo sababu inayonifanya nimwogope.

"Hii dawa yako mzuri sana, Kapteni," akasema. "Dereva iko sawa. Na lori yake siku hizi iko kimya. Zamani walikuwa wanapiga bati njia yote, watu ya barabara wanasikia. Sasa hapana. Kimya."

Alitaka nizungumze na madereva wengine, nao wafunzwe. Nikaitikia. Kisha akajiegemeza, akaunganisha vidole juu ya tumbo.

"Wewe hukuomba kitu tangu umekuja hapa. Una shida gani? Sema. Leo mimi nimefurahi."

Hii ndiyo milango wanayosema hufunguka mara moja. Mbele yangu alikaa mtu ambaye neno lake moja kwa simu huingia ile nyumba na kutoka na mtu. Jina la Farouk lilikuwa mdomoni, nililisikia uzito wake juu ya ulimi. Nikawaza: nikimtaja, atauliza kwa nini nimenyamaza mwezi mzima. Atauliza nilijuaje aliko. Atasema, kumbe Kapteni ana ndugu wanaosikiliza stesheni za nje. Niliyawaza hayo yote katika muda wa kumeza funda la chai.

Nikasema, "Afande, paa langu linavuja."

Alicheka sana. Akasema ndiyo maana anawapenda wasomi, hawana tamaa. Akaandika kikaratasi.

Nilirudi kwa miguu ingawa mvua ilikuwa kubwa, na gari lilikuwepo.

Jumanne, 15 Aprili

Mafundi wa jeshi wameleta bati jipya, wamepigilia. Halivuji. Nimeiondoa sufuria.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimezungumza na madereva. Saa nzima. Walikaa mstari kama wanafunzi, mmoja akauliza kama swali la mama ni lazima. Nilisema kila mtu afanye linalomtuliza. Walinipigia makofi.

Jumapili, 20 Aprili

Kwa Mama. Sahani juu ya kabati ingali inawekwa kila siku. Jioni huila Naila mwenyewe, ikiwa baridi. Ameuliza kama ajihesabu mke au mjane. Si kwa hasira, alitaka kujua tu, kwa kuwa mjane ana eda yake na mke ana wajibu wake, na yeye amekaa katikati, hana hata nguo ya kuvaa iliyo sahihi. "Bambi, pole mwanangu," akasema Mama, akamfunga kichwa vizuri. Wote wawili wakanitazama. Nikasema subira huvuta heri. Methali ni kitu cha ajabu, mtu hata akiwa mwongo humjia.

Jumatatu, 28 Aprili

Kasim alikuja, hakukaa.

Nilijua kabla hajafungua kinywa. Akanisimulia kwa mpango wake uleule. Ilikuwa Jumatano iliyopita. Watu hawakuwa wengi. Kabla ya kuwasha lori alipita nyuma akauliza mmoja mmoja, na wa mwisho, mwembamba, jicho moja limevimba, akasema anaitwa Farouk. Kasim hakumuuliza jina la mama. Alilijua.

"Nikamwambia, mimi ni mgonjwa ya Kapteni Tajudin." Hapo sauti yake ilibadilika kidogo, mara ya kwanza tangu apone. "Afande, alifurahi. Alishika mkono yangu kwa ile nafasi ya mbao. Akauliza, amekutuma? Mimi nikasema ndiyo." Akanitazama. "Si ulinituma?"

Nikamuuliza kama Farouk alisema neno jingine. Akasema aliwaambia wenzake watulie, shemeji yake ni mkubwa jeshini, ametuma lori hili. Wakatulia wote. Aliongea nao njia nzima, wengine walicheka. Kasim alisikia kicheko chao akiwa kwenye usukani.

Alimswalia jioni ileile. Alitawadha mara moja.

Jumatano, tarehe ishirini na tatu. Hiyo ni karibu wiki mbili baada ya chai ya Meja. Farouk alikuwa hai nilipoomba bati. Alikuwa hai lilipopigiliwa.

Jumanne, 29 Aprili

Sikufungua kliniki.

Jumatano, 30 Aprili

Nimejaribu kuandika nitakavyomwambia Naila. Kila ninavyoandika, mimi natokea kuwa mtu mzuri mwenye mitihani mikubwa. Nimechana.

Naweza kumwambia tu kwamba amekufa, na habari imetoka kwa mtu wa kuaminika. Ingetosha kwa eda. Ingetosha kwa khitima. Hakuna atakayeniuliza juu ya chai, maana hakuna aliyekuwepo ila Meja, na Meja hakujua alichoniuliza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nimekuwa nikijipa methali hiyo tangu asubuhi, na kila nikiimeza haishuki.

Ijumaa, 2 Mei

Nimemwambia.

Nilikwenda baada ya swala. Mama alikuwa anachambua mchele, Naila anamshonea mtoto wa jirani kifungo. Nilisimama, nao wakaacha kazi zao. Nikasema Farouk amefariki, Jumatano ya tarehe ishirini na tatu, na kwamba ameswaliwa. Naila aliweka sindano kwenye kitambaa kwa uangalifu ili isipotee. Akasema inna lillahi. Mama akasema vilevile. Halafu Naila akauliza nimejuaje.

Ilikuwa rahisi kuishia hapo. Wallahi ilikuwa rahisi. Lakini alikuwa amenikazia macho, na macho yale ni ya Mama, nami nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuchagua. Nikamweleza habari za Kasim na mikono yake. Nikamweleza karatasi ya gereji niliyokataa kuimalizia. Nikamweleza maswali ya majina na nani aliyeyatunga. Nikamweleza lori, na maneno ya Farouk ndani ya lori, yote, pamoja na kicheko. Hapo ndipo alipoziba mdomo kwa kanga, na nikadhani nimefika mwisho wa maumivu yake.

"Ulimuuliza mkubwa wako?" akasema kutoka ndani ya kanga. "Hata mara moja?"

Nikasema aliniuliza yeye. Aliniuliza nina shida gani, niseme, siku hiyo amefurahi.

"Ukasema nini?"

Nikamwambia.

Mvua ilikuwa inanyesha, na watoto wa jirani walikuwa wanaoga nje chini ya michirizi ya paa, wanapiga kelele za furaha. Naila aliishusha kanga mdomoni. Sikuona chuki. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia akaingia chumba kisicho chake.

"Bati," akasema.

Aliinuka, akaishusha sahani juu ya kabati, akaenda uani. Mama alirudi kwenye mchele wake. Nilipoaga, hakuna aliyeitikia.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeandika karatasi ya Kasim. Jina zima, saini, na muhuri wa Meja, ambaye safari hii alirudia desturi yake ya kutosoma. Gereji, kuanzia wiki ijayo. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, na kusema kweli nilikuwa nangoja kushukuriwa.

Aliisoma, akaikunja vizuri, akairudisha juu ya meza.

"Hapana, afande. Sasa siwezi toka."

Nikamwambia amepona, hana deni na mtu, aende. Nikamwambia ni amri. Akatikisa kichwa bila ukaidi, kama mtu mzima anayemweleza mtoto.

"Nikitoka, wataweka dereva mwingine. Yeye atauliza kama kawaida, au hatauliza kabisa. Mimi nawaswalia vizuri. Mimi ni mtoto ya mwosha." Akafikiri. "Wewe ulinipa kazi, afande. Kwanza ilikuwa kazi ya lori. Sasa ni kazi."

Ana usingizi mzuri. Ana hamu ya chakula. Mikono yake haina hata kovu. Kwa vipimo vyangu vyote, huyu ndiye askari mstahimilivu kuliko wote niliowahi kuwapima, na atawapeleka watu msituni kwa adabu na upole mpaka hapo Mungu atakapoiondoa serikali hii. Nimemfanya mimi. Kabla yangu alikuwa mtu mzima aliyekataa kwa ngozi yake yote.

Kabla hajatoka aliniuliza Naila anaishi wapi. Nikamwelekeza.

Alhamisi, 8 Mei

Meja anataka ripoti kamili, ya kupelekwa juu. Anasema huenda nikapandishwa. Nimemwambia nina homa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zinapungua. Vumbi limeanza kurudi barabarani. Nimeandika ripoti ya sentensi moja: kwamba askari wetu wanaougua ndio wazima. Nimeisoma mara kadhaa. Ni sentensi nzuri, na niliposikia inanipendeza nikajua sitaituma. Jioni nilianza nyingine, yenye majedwali.

Ijumaa, 16 Mei

Jua. Nimepata kilo mbili za sukari kwa njia ninazozijua, nikazipeleka kwa Mama, maana nyumba ya msiba haikosi watu wa kunywesha chai. Nilikuwa nimevaa kanzu, si sare. Nilitaka kumwona Naila, hata kwa kitambo kidogo, hata asiseme nami.

Mama alifungua mlango nusu. Akasema khitima imesomwa Jumapili, watu walijaa mpaka nje. Sikuwa nimeambiwa. Akasema yule askari wa Bombo alikuja, akasimama nje ya dirisha la Naila, upande wa pili wa pazia, akamsimulia saa nzima kila neno la mumewe, na Naila alimwombea dua.

Nikasema basi niingie nimpe pole.

"Naila yuko eda," Mama akasema. "Haonani na mwanamume asiye maharimu wake."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa uchovu. Nikamkumbusha kwa upole, "Mama, mimi ni kaka yake. Tumbo moja."

"Najua nilizaa nani," akasema Mama. "Mimi nimepewa ujumbe tu, na huo ndio ujumbe wenyewe."

Akaipokea sukari, akaniambia Mungu anilipe, akarudishia mlango.